Kompyuta Ikiamkia Diski Isiyo Yake

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton anayenunua kompyuta iliyotumika jijini Nakuru, zile zinazoitwa ex-UK, hushauriwa aiongezee SSD. Ushauri wenyewe ni mzuri. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika. SSD haina kinachozunguka, hivyo huwaka upesi. Fundi anaweka Windows mpya kwenye SSD, diski ya zamani anaiacha ndani itunze picha na filamu. Mashine inafika chuoni Njoro, inawashwa, na Windows inayofunguka ni ile ile ya zamani, inayojikokota.

Hakuna kilichoharibika. Kabla ya Windows kuamka, programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu, BIOS katika mashine za kale na UEFI katika za sasa, hupitia orodha ya diski na kuanza na ya kwanza inayowashika. Flashi iliyosahauliwa kwenye tundu la USB nayo huweza kuruka foleni. Ichomolewe kwanza, tiba hiyo haina gharama.

Kitufe cha F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwenye HP, huonyesha orodha hiyo mashine inapowashwa tu, lakini chaguo hilo ni la mara moja. Mabadiliko ya kudumu hufanywa ndani ya mipangilio ya BIOS au UEFI, F2 kwa Dell na F10 kwa HP.

Kompyuta kuukuu ya mezani ikisahau mpangilio kila umeme unapopotea, kama usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilipokuwa gizani, na saa yake ikirudi nyuma miaka, mshukiwa ni betri ya duara ya CR2032, ya volti 3.

Kisa kinachowatoa mafundi jasho ni kingine. Windows ikiwekwa diski zote mbili zikiwa ndani, yenyewe inaweza kukaa kwenye SSD huku faili za kuiwashia zikibaki kwenye diski ya zamani. Kila kitu huenda vyema hadi diski hiyo ife au ing'olewe. Hapo SSD nzima, yenye kila kitu kingine, haiwaki. Kufuta yote na kuanza upya ni pupa tu, hasa tasnifu ya mtu ikiwa humo: amri ya bcdboot, kutoka kwenye flashi ya kuwekea Windows, huziandika upya faili hizo. Fundi makini huing'oa diski ya zamani kabla ya kuweka Windows.

Tena, kwa kompyuta ambayo diski yake imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows, kugusa mipangilio ya BIOS au UEFI kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Mwenye mashine autafute kwenye akaunti yake ya Microsoft kabla ya kumkabidhi fundi.