Kurudisha Msimamizi wa Uwashaji Baada ya Kupandisha Toleo la Mfumo Endeshi

Kompyuta moja yaweza kubeba mifumo endeshi miwili, au hata mitatu, bila mmoja kuusumbua mwingine. Katika idara za isimu hali hiyo si ngeni. Programu ya FieldWorks, inayotumiwa na watunga kamusi wengi, ilitengenezwa kwanza kabisa kwa ajili ya Windows. Praat, inayopima sauti na kiimbo, hufanya kazi katika Windows na katika Linux pia. Wapo tena waandikao tasnifu zao kwa LaTeX, nao hujiona nyumbani zaidi katika Linux. Kwa hiyo mtafiti huigawa diski yake, akaweka Windows upande mmoja na Linux upande wa pili, na kila anapoiwasha mashine hutokea orodha fupi ya kumwuliza anataka kuingia wapi. Programu inayoionyesha orodha hiyo na kulitii jibu lake ndiyo iitwayo hapa msimamizi wa uwashaji.

Siku Windows inapopandishwa toleo, orodha hiyo yaweza kutoweka. Jambo hili limewafikia watu wengi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida na kuwahimiza watumiaji wake wahamie 11. Mashine huingia Windows moja kwa moja, kana kwamba Linux haikuwahi kuwamo. Pengine kioo hubaki cheusi, na juu yake maneno mawili tu: «grub rescue». Hapo ndipo hasara ya kweli huanza, wala haisababishwi na mashine. Mwenye kompyuta, akiamini kwamba kila kitu kimefutika, huipeleka kwa fundi. Fundi naye, kwa kuwa ndiyo njia fupi, huifuta diski nzima na kuweka mfumo mmoja mpya. Masimulizi ya wazee yaliyonaswa vijijini, ambayo baadhi ya wasimulizi wake wamekwisha kufariki, hupotea saa ile ile, ilhali asubuhi yake yalikuwa salama mahali pake.

Basi yafaa kuuliza: ni kitu gani hasa kinachobadilika mfumo unapopandishwa toleo, na ni kitu gani kisichoguswa?

Neno na jambo lenyewe

Waingereza walilitoa neno lao la uwashaji katika kamba ya buti, kwa mzaha wa mtu anayejiinua kutoka chini kwa kuvuta buti zake mwenyewe. Wafaransa husema «amorcer», neno la kutia chambo au baruti ya kuanzia. Kiswahili kina «kuwasha», kitendo cha kusababisha kilichozaliwa na «kuwaka». Neno hilo latosha kabisa, na pengine laeleza jambo vizuri kuliko yale mawili. Gogo kubwa haliwaki kwa kiberiti. Huletwa kwanza kijinga cha moto, kijinga kikawasha vijiti, vijiti vikawasha kuni, kuni zikalishika gogo. Kompyuta huwashwa hivyo hivyo, kwa hatua, kila moto mdogo ukiwasha ule ulio mkubwa kuliko wenyewe.

Hatua ya kwanza imo katika ubao mama, katika programu ndogo iliyotiwa humo kiwandani. Programu hiyo haiijui Linux wala Windows. Kazi yake ni kuviamsha viungo vya mashine, kisha kutafuta mahali pa kuchukua moto wa pili. Mahali hapo ndipo penye ugomvi wote unaozungumziwa hapa, napo pamewahi kuwa pa namna mbili.

Namna ya zamani ni ya mwaka 1983, ilipotoka PC DOS 2.0 pamoja na kompyuta za IBM zenye diski kuu. Katika namna hiyo, iitwayo MBR, kijinga hukaa katika baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski. Katika hizo, 446 zimeachiwa amri za kuwashia, 64 ni jedwali linaloonyesha diski imegawanywa vipi, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba nafasi hiyo ni halali. Baiti 446 ni chache mno. Hazitoshi hata kuandikia ukurasa mmoja wa tasnifu, achilia mbali orodha ya kuchagua mfumo. Kwa sababu hiyo GRUB, msimamizi anayetumiwa na matoleo mengi ya Linux, hujigawa: kipande chake cha kwanza hukaa katika baiti hizo, cha pili hufichwa katika nafasi tupu iliyo kati ya baiti hizo na sehemu ya kwanza ya diski, na vilivyobaki hukaa ndani ya sehemu ya Linux yenyewe, katika folda ya /boot/grub. GRUB ilianzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, alipokuwa akijaribu kuuwasha mfumo wa GNU Hurd. Toleo la 2.00 lilitoka mwaka 2012.

Sasa Windows inapowekwa katika mashine ya namna hiyo, huandika baiti zake 446 juu ya zile za GRUB, bila kuuliza. Ilikuwa hivyo kwa Windows XP ya mwaka 2001, na kwa Windows 7 ya mwaka 2009 pia. Mtu angeweza kuuita ujeuri, lakini ukweli ni kwamba nafasi hiyo haikuwekewa utaratibu wowote wa kushirikiana: ni kiti kimoja, na anayekuja mwisho ndiye anayekikalia. La kuzingatia ni kipimo cha kilichopotea. Hata nusu ya kilobaiti haikufika. Sehemu ya Linux, pamoja na faili zake zote, haikuguswa.

Namna mpya huitwa UEFI, ikisimamiwa na umoja wa watengenezaji uliofanywa mwaka 2005. Hapa kijinga hakikai tena katika kiti kimoja. Diski hutengewa sehemu ndogo ya pamoja, na ndani yake kila mfumo una folda yake: EFI/Microsoft kwa Windows, EFI/ubuntu kwa Ubuntu, na kadhalika. Ubao mama nao hutunza, katika kumbukumbu yake, orodha ya nani aanze na nani afuate. Windows ikipandishwa toleo, kwa kawaida haifuti folda ya mwenzake. Hujiweka tu mbele katika orodha.

Kutambua kabla ya kutibu

Kosa kubwa la wengi ni kukimbilia amri kabla ya kujua ugonjwa ni upi. Jambo la kwanza ni kuizima mashine, kuiwasha tena, na papo hapo kubonyeza kitufe cha kuitisha menyu ya ubao mama. Kitufe chenyewe hutofautiana kwa mtengenezaji: F12, F9, F2, Esc au Del. Menyu hiyo ikionyesha jina la Linux iliyomo, kwa mfano «ubuntu», nusu ya kazi imekwisha, kwa kuwa folda yake ipo na ni mpangilio tu uliogeuzwa. Huchaguliwa jina hilo, Linux ikafunguka, kisha katika dirisha la amri huandikwa:

sudo efibootmgr

Mashine itaonyesha namba za mifumo yote na mpangilio wake. Ikiwa Ubuntu ina namba 0003 na Windows 0000, amri ifuatayo huirudisha Ubuntu mbele:

sudo efibootmgr -o 0003,0000

Hakuna kilichowekwa upya na hakuna faili iliyoguswa. Mtumiaji asiyependa amri aweza kuupanga upya mpangilio huo ndani ya menyu za ubao mama wenyewe. Wengi waliofutiwa diski zao hawakuhitaji zaidi ya hapo.

Yafaa pia kutaja kwamba mara nyingine lawama huangukia upande usiostahili. Toleo la GRUB 2.06, la mwaka 2021, liliacha kuitafuta mifumo mingine diskini, kwa sababu za usalama. Waliopandisha Ubuntu hadi 22.04, iliyotoka Aprili 2022, walikuta ni Windows iliyotoweka katika orodha safari hii! Dawa yake ni kuifungua faili ya /etc/default/grub, kuongeza mstari huu

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

na kisha kuamuru sudo update-grub ili orodha iandikwe upya.

Mashine inaposimama kwenye «grub rescue», habari ni tofauti. Maneno hayo hutisha, lakini ni ishara njema kwa kiasi fulani: maana yake kipande cha kwanza na cha pili cha GRUB bado vipo, ila havioni folda yao. Hutokea hasa katika diski za namna ya zamani, pale upandishaji wa toleo unapotengeneza sehemu mpya ya kuokolea Windows, na namba za sehemu zilizobaki zikasogea. GRUB hugonga mlango wa zamani, ikakuta mwenyeji mwingine. Amri ya ls huonyesha sehemu zilizopo. Zikichunguzwa moja moja, ile yenye folda ya /boot/grub hujulikana. Ikiwa ni (hd0,msdos6), huandikwa:

set root=(hd0,msdos6)
set prefix=(hd0,msdos6)/boot/grub
insmod normal
normal

Orodha itarudi, lakini kwa safari hiyo moja tu. Mara Linux inapofunguka, msimamizi huandikwa upya kwa amri za sudo grub-install /dev/sda na sudo update-grub, ili ajue makao mapya.

Pale ambapo hakuna mlango wowote unaofunguka

Inabaki hali ya baiti 446 kuandikwa juu, au ya folda ya UEFI kuharibika, labda kwa umeme kukatika kazi ikiwa katikati. Hapa huhitajika flashi yenye Linux ya majaribio, inayofunguka bila kuwekwa diskini. Ni busara kuitengeneza kabla ya kupandisha toleo, kwani gigabaiti kadhaa za intaneti si kitu cha kutafutwa usiku kwa mashine iliyokwisha kukwama. Flashi ifunguliwe kwa namna ile ile iliyotumika kuwekea Linux: ikiwa ni UEFI, iwe UEFI; zikichanganywa, msimamizi ataandikwa mahali ambapo hatasomwa.

Amri ya lsblk -f huonyesha sehemu za diski pamoja na aina zake. Ile ya Linux mara nyingi huandikwa ext4, za Windows ntfs, na ya pamoja ya UEFI vfat. Ikiwa Linux imo katika sda5, huingiwa ndani yake hivi:

sudo mount /dev/sda5 /mnt
sudo mount --rbind /dev /mnt/dev
sudo mount --rbind /proc /mnt/proc
sudo mount --rbind /sys /mnt/sys

Kwa mashine ya UEFI huongezwa mstari mmoja wa kuifungua sehemu ya pamoja, tuseme ni sda1:

sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi

Kisha sudo chroot /mnt. Amri hii ya mwisho ndiyo kiini cha dawa yote. Tangu hapo mashine hujiona imo ndani ya Linux ya diskini, si ya flashi, na kila kinachoamriwa hufanyika huko. Huandikwa grub-install /dev/sda kwa namna ya zamani, pasipo namba ya sehemu baada ya sda, kwa kuwa kijinga ni cha diski nzima. Kwa UEFI hutosha grub-install peke yake. Hufuata update-grub, kisha exit, na mashine kuwashwa upya. Katika hatua hizi zote hakuna hata moja inayopangusa diski. Programu yoyote itakayouliza ruhusa ya kufanya hivyo si sehemu ya dawa hii.

Tukio la Agosti 2024 lastahili kutajwa peke yake. Tarehe 13 ya mwezi huo Microsoft ilitoa sasisho lililokusudiwa kuzuia matoleo ya GRUB yenye udhaifu wa usalama. Sasisho hilo lilipaswa kuziruka mashine zenye mifumo miwili. Baadhi yake halikuzitambua, na Linux zikakataa kuwaka, zikitoa ujumbe unaotaja SBAT. Hapo kuandika GRUB upya hakusaidii kitu, maana kilichokataliwa ni toleo la programu, si mahali pake. Dawa ilikuwa kuuzima kwa muda uwashaji salama katika menyu za ubao mama, kuingia Linux, kuamuru sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha tena na kuingia Linux mara moja zaidi, na ndipo kuurudisha uwashaji salama. Microsoft yenyewe ililirekebisha jambo hilo katika masasisho ya Mei 2025.

Baada ya msimamizi kurudi, Linux yaweza kuifungua sehemu ya Windows kwa kusoma tu na kukataa kuandika humo. Hilo si kosa jipya. Upandishaji wa toleo huweza kuuamsha tena uwashaji wa haraka wa Windows, ambao hauizimi mashine kikamilifu bali huilaza, huku sehemu yake ikiwa nusu wazi. Kulazimisha kuandika katika hali hiyo kwaweza kuharibu faili ambazo msukosuko wote uliotangulia haukuzigusa. Huingiwa Windows, hufunguliwa dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, huandikwa powercfg /h off, kisha mashine huzimwa na kuwashwa kwa Linux.