Sarafu za Zamani Nyumbani (2): Ndimu, Siki na Hasara Zake

Wiki iliyopita tulizitambua sarafu zenyewe: ipi ya Mjerumani, ipi ya Mwingereza, ipi ya Sultani wa Zanzibar. Mtu akishajua alichonacho, jambo linalofuata karibu kila nyumba ni lile lile: anatafuta ndimu.

Si ajabu. Pwani yote masinia na mabirika ya shaba yamesuguliwa kwa ndimu, ukwaju na majivu miaka nenda miaka rudi, na yanang'aa kweli. Lakini sinia likipungua unene kidogo kila Idi, bado litapakuliwa pilau. Sarafu ikipungua, kinachoondoka kwanza ni maandishi na mchoro, yaani ndiyo yote anayoyataka mkusanyaji.

Tuanze na shaba. Ikikaa hewani hushikana na oksijeni, ikawa ya hudhurungi, kisha nyeusi. Penye unyevu na hewa ya ukaa hugeuka kijani. Rangi hizo hazikumwagikia sarafu kutoka nje. Ni shaba yenyewe iliyogeuka, na tabaka hilo likiwa gumu na laini huikinga shaba iliyo chini yake. Siki huliyeyusha. Ukitia chumvi inayeyusha upesi zaidi, kwa kuwa kloraidi ya chumvi huishika shaba na kuitoa kwenye uso wake. Chukua pesa ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 Hijria (1882), ile yenye mizani upande mmoja, uiloweke usiku kucha. Asubuhi utakuta siki imepata rangi ya buluu na kijani. Usifurahi kwamba uchafu umetoka: rangi ile ni sehemu ya pesa yenyewe, na utaimwaga pamoja na siki. Iliyobaki mkononi ina wekundu mbichi wa waridi ambao mnunuzi mzoefu huutambua akiwa bado mlangoni.

Na chumvi haiondoki kirahisi. Kloraidi ikijificha kwenye vitundu vya shaba, unyevu wa masika huiamsha: hutengeneza tindikali, tindikali hula shaba, na mzunguko huanza upya. Utaona vidoa vya unga wa kijani kibichi, laini, unaopukutika ukiugusa kwa kijiti. Huo huitwa ugonjwa wa shaba. Sarafu yenye unga huo itenge na wenzake, iweke pakavu, umtafute mtaalamu wa makumbusho.

Dawa ya meno na stilwaya sitazizungumzia sana. Tazama kwa kioo cha kukuzia sarafu iliyosuguliwa: utaona mistari myembamba imelala sambamba juu ya uso wa mfalme, na hakuna njia ya kuifuta.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima huwapotosha wengi kwa weupe wake. Zilizotolewa kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu. Sehemu kubwa ni shaba. Tindikali huivuta shaba hiyo na kuacha uso uliofifia, usio na uhai. Za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Hizo maji na sabuni vinazitosha.

Fedha hasa ni reale ya Sham, yenye picha ya Maria Theresa na mwaka 1780 hata kama ilipigwa karne nyingine. Ina fedha sehemu 833 katika kila 1,000. Weusi wake hutokana na salfa ya hewani. Hapa ipo njia ya nyumbani isiyosugua: tandika foili ya alumini ndani ya bakuli, laza sarafu juu yake, nyunyiza bekingi soda, mimina maji ya moto. Utasikia harufu ya yai viza. Salfa inaiachia fedha na kuhamia kwenye alumini, kwa hiyo fedha iliyokuwa imegeuka nyeusi hurudi kuwa fedha. Kwa reale iliyotobolewa ikavaliwa kama kidani, sioni ubaya. Kwa reale nzima unayotaka kuiuza, acha weusi wake. Wenye pesa zao wanaupenda, maana fedha iliyotoka kwenye bakuli lile hubaki imepauka.

Basi tuoshe nini? Udongo, jasho na mafuta ya mikono tu. Maji vuguvugu yaliyochujwa kwa mvuke, tone moja la sabuni ya vyombo, ncha ya kidole bila kusugua, kisha maji safi tena. Maji hayo huuzwa kwa wauza betri za magari, lakini soma chupa vizuri: duka lile lile, rafu ile ile, wanauza na tindikali ya betri. Kausha kwa kubonyeza kitambaa cha pamba. Senti kumi yenye tundu huficha maji ukingoni mwa tundu, iachie muda zaidi.

Utando wa kijani unaonata, ulioletwa na vifuko laini vya plastiki, hutoka kwa asetoni safi. Si dawa ya kutolea rangi ya kucha, ambayo ina manukato na mafuta. Fungua dirisha, na jiko liwe mbali.

Zipo ambazo hata sabuni zisiguse: zilizotoka ardhini. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni ndogo na nyembamba, na maandishi yake ya Kiarabu yamepangwa kwa vina, upande mmoja ukiitikia mwingine. Herufi moja ikiliwa na ndimu, kina kinapotea. Tena sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo aliyeiokota shambani aiache na udongo wake, akumbuke mahali alipoiona, na atoe taarifa kwa wanaohusika na mambo ya kale.

Wiki ijayo: bahasha, kabati na unyevu wa masika.