Kilwa Kisiwani: Likizo Yenye Mafunzo

Familia nyingi hapa Chanji zikiwaza safari ya bahari, huwaza kuogelea tu. Si vibaya. Lakini watoto wetu, wanaokulia nyanda za Ufipa mbali na pwani, huenda wakadhani kwamba Uislamu ni mgeni wa juzi katika nchi hii. Ndiyo maana tunapendekeza Kilwa Kisiwani.

Mkishapata kibali cha mambo ya kale Kilwa Masoko, mtavuka kwa boti muda mfupi tu. Mtauona Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe na chokaa, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14; Husuni Kubwa na birika lake la pembe nane; na Gereza ufukweni. Tangu mwaka 1981 magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, ni Urithi wa Dunia.

Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Alichokisifu zaidi kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman ni ukarimu na unyenyekevu: fakiri alimwomba mavazi aliyoyavaa baada ya Sala ya Ijumaa, naye akampa. Kasri limebomoka, sifa ile ingalipo. Wazazi, wasimulieni watoto habari hiyo papo hapo.

Tuchunge sitara ufukweni, tutumie rukhsa ya msafiri katika Sala, tusiokote vigae vya kale, na tuwasalimu wenyeji, kwani kisiwa kile bado ni maskani ya watu. Mtoto atakayerudi Chanji akijua hayo hataionea haya dini yake.