Rufani Dhidi ya Mshtakiwa Aliyeachiwa Huru

Tarehe 25 Februari 2004, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake mjini Arusha, ilitoa hukumu katika kesi iliyowahusu moja kwa moja wakazi wa Nyakarenzo na wa mkoa mzima wa zamani wa Cyangugu. Washtakiwa walikuwa watatu: André Ntagerura, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi; Emmanuel Bagambiki, aliyekuwa mkuu wa mkoa huo; na Luteni Samuel Imanishimwe, aliyekuwa kamanda wa kambi ya jeshi ya Karambo. Luteni huyo alipewa kifungo cha miaka 27. Viongozi wawili wa kiraia waliachiwa huru.

Waliopoteza jamaa zao mwaka 1994 walichomwa moyo. Je, Mwendesha Mashtaka hakuweza kukata rufani? Aliweza, naye alikata. Sheria iliyounda mahakama hiyo ilimpa haki ileile aliyopewa mfungwa: kuonyesha kosa la kisheria linalobatilisha hukumu, au kosa la kupima ushahidi lililopotosha haki.

Hata hivyo, haki sawa si mzigo sawa. Mfungwa yamtosha kuonyesha kosa linalozusha shaka ya maana. Mwendesha Mashtaka sharti aonyeshe kwamba, makosa yakisharekebishwa, hakuna shaka ya maana iliyosalia. Majaji wa rufani walilieleza jambo hilo tarehe 3 Julai 2002, walipothibitisha kuachiwa kwa Ignace Bagilishema, aliyekuwa mkuu wa Mabanza, Kibuye. Kwa kesi za India nako, baraza la rufani la London lilikwisha kusema mwaka 1934 kwamba mahakama ya rufani yaweza kuupima upya ushahidi wote, lakini isiwe nyepesi kutengua uamuzi wa jaji aliyewaona mashahidi kwa macho yake.

Katika kesi ya Cyangugu, udhaifu mkubwa ulikuwa katika hati ya mashtaka, ambayo mahali pengi haikueleza bayana nani alitenda nini, wapi na lini. Majaji wa rufani waliona kwamba wenzao walikosea kulifufua suala la hati wakati wa kuandika hukumu, bila kuzisikiliza tena pande zote mbili. Lakini kosa hilo halikutosha kubatilisha uamuzi. Tarehe 8 Februari 2006 walithibitisha kwamba wawili hao wako huru, na sababu zao zikatolewa tarehe 7 Julai.

Kisu hicho kilikata pande zote. Hatia ya Imanishimwe, kama kamanda, kuhusu mauaji ya uwanja wa mpira wa Gashirabwoba ilifutwa kwa kuwa hati haikuieleza ipasavyo, na kifungo chake kikashuka hadi miaka 12. Jalada lililopelelezwa na kuandikwa ovyo haliponyeshwi kwenye rufani. Kwa askari mpelelezi hilo ndilo zito kuliko yote.

Wala majaji hawakusema kwamba mauaji hayakutokea. Wiki tatu kabla, tarehe 16 Juni 2006, majaji wa rufani katika kesi nyingine walitamka kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana, lisilohitaji tena kuthibitishwa kwa ushahidi.

Ntagerura alibaki Arusha miaka mingi, akiwa huru lakini bila nchi ya kumpokea, hadi alipohamishiwa Niger mwezi Desemba 2021.