DAMU KATIKA CHOO: UGONJWA WA TUMBO USIOISHA



Leo tutasema juu ya jambo ambalo wengi wana haya kulisema, hata mbele ya muuguzi. Mama atakuja kusema kichwa kinamuuma, ao mgongo, ao mtoto anakohoa. Lakini damu katika choo anaificha mpaka nguvu inamwishia. Basi tusome pamoja, na ukimaliza umsomee jirani asiyejua kusoma.

Nianze na mama mmoja. Alikuwa na watoto watatu, na kazi yake ilikuwa kuuza ndizi sokoni. Alikuja ku kituo cha afya nilikokuwa nikitumika, akaniambia anahara damu na makamasi. Sikupima choo chake. Nilisema moyoni, « Ni amibe tu », nikamwandikia vidonge. Alipata nafuu kidogo, kisha akarudi. Nikaandika vidonge vile vile mara ya pili, na mara ya tatu. Wakati ule watu walianza kumwambia mume wake: « Hii ni karuho, kuna mtu amemtilia sumu. » Wakauza mbuzi wawili ili kumlipa mtu wa dawa za kienyeji. Yeye akampiga lavema ya majani na pilipili. Damu ikaongezeka. Miezi 7 ilipita kabla ya munganga kumwona. Alikuwa amekonda sana, na ndani ya kope zake mlikuwa meupe kwa kukosa damu.

Hakuwa na amibe, wala sumu. Alikuwa na ugonjwa wa kuvimba utumbo wa siku nyingi. Kosa la kutopima lilikuwa langu, na ndiyo sababu ninawaandikia.

UTUMBO UNATUMIKA NAMNA GANI?

Chakula kikitoka tumboni kinaingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu metre 6. Hapo mwili unachukua nguvu ya chakula. Kisha mabaki yanaingia katika utumbo mnene, wenye urefu wa karibu metre 1 na nusu. Kazi yake kubwa ni kurudisha maji mwilini, ili choo kiwe kigumu kidogo.

Ngozi ya ndani ya utumbo ni laini, kama ngozi ya ndani ya shavu lako. Ikivimba na kupata vidonda haiwezi tena kuvuta maji. Choo kinakuwa maji maji, makamasi yanatoka, na damu inatoka kwenye vidonda.

Kwa hiyo damu ni alama, si jina la ugonjwa. Ukiona moshi juu ya nyumba ya jirani, unajua kuna moto. Lakini hujui kama anapika maharagi ao nyumba inaungua. Inafaa kuingia na kutazama.

MAGONJWA YANAYOLETA DAMU

1. Kuhara damu kwa mikrobe. Kunaanza kwa ghafula, pamoja na homa na tumbo la kukata. Kunaambukiza sana kwa mikono, maji na inzi. Katika mwaka 1979 mlipuko mkubwa ulianza kaskazini-mashariki ya inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ukafika Rwanda, Burundi na Tanzania. Katika mwaka 1994, karibu na Goma, kuhara damu kulifuata kolera katika kambi za wakimbizi na kuua watu wengi. Mtoto mdogo anayehara damu, karibu kila mara ana ugonjwa wa kuambukiza kama huu. Usingoje hata siku moja. Mpe maji ya SRO, endelea kumnyonyesha, na umlete.

2. Amibe. Inakuja pole pole, na mara nyingi bila homa kali. Ikipimwa na kutunzwa vizuri, inapona.

3. Bilharzia. Wanaokaa kando ya Ziwa Albert na Ziwa Tanganyika wanaijua. Inaingia kwa ngozi mtu akiwa majini, na mayai yake yanajeruhi utumbo.

4. Kifua kikuu cha tumbo. Ndiyo, kifua kikuu kinaweza kushika utumbo bila kikohozi. Mtu anakonda, anatoka jasho usiku, na tumbo linauma. Virusi vya sida pia vinafungua mlango kwa magonjwa mengi ya utumbo.

5. Bawasiri ao mchaniko. Damu nyekundu inapakaa juu ya choo kigumu, wala mtu hahari. Lakini kwa mtu mwenye umri mkubwa, damu ya namna hii ipimwe pia, kwa sababu kansa ya utumbo inaweza kuanza hivyo.

6. Ugonjwa wa kuvimba utumbo wa siku nyingi. Kwetu hauonekani mara nyingi kama hayo mengine. Lakini upo, na usipofikiriwa mgonjwa anapotea njia, kama yule mama wa ndizi.

UGONJWA WA SIKU NYINGI NI NINI?

Mwili una askari wake wanaopigana na mikrobe. Katika ugonjwa huu askari wanakosea: wanageuka na kupiga utumbo wa mwenye mwili, ijapo hakuna adui. Waganga hawajajua bado sababu yote. Wanajua kwamba kuna urithi kidogo katika damu ya jamaa, na kwamba mambo mengine ya maisha yanaongeza.

Uko wa aina mbili. Ya kwanza inaitwa rektokoliti ya damu. Inashika utumbo mnene peke yake, tangu mwisho wake na kupanda juu, na vidonda vinakaa kwenye ngozi ya ndani tu. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, unaoitwa kwa jina la munganga wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake katika mwaka 1932. Huu unaweza kushika fasi yoyote tangu kinywa mpaka njia ya choo, na unaingia ndani sana. Unaweza kufunga utumbo ao kuutoboa. Mara nyingi aina zote mbili zinaanza kwa vijana, kati ya miaka 15 na 35. Huo ndio wakati wa kuzaa na kulea.

Ugonjwa huu unalala na kuamka. Mgonjwa anakaa miezi mizuri, kisha damu inarudi. Mara nyingine viungo vinavimba, ao macho yanakuwa mekundu, ao kinywa kinapata vidonda.

Sikieni vizuri, wamama: ugonjwa huu hauambukizi. Mgonjwa anaweza kula katika sahani moja nanyi, kupika, kulala na mume wake, kunyonyesha. Hautoki kwa sumu ya jirani, wala kwa laana. Ukimfukuza ao kumrudisha kwao, unamwongezea ugonjwa mwingine wa moyo.

MUNGANGA ATAUJUA NAMNA GANI?

Kwanza anatafuta magonjwa mengine, kwa sababu ni mengi kwetu na yanapona. Choo kitapimwa. Leta choo kipya, kilichotoka sasa hivi, katika chombo safi. Cha jana hakifai, kwa maana amibe hufa upesi na labo haitaiona. Damu itapimwa, na kifua kikuu na virusi vya sida vitatafutwa.

Ikiwa umetunzwa vizuri na damu inaendelea ao inarudi, na zaidi ikiwa kuhara kumepita majuma 4, usikubali kuandikiwa dawa zile zile tena na tena. Useme: « Muuguzi, nimekwisha kumeza hizi. Naomba munganga anione. » Hiyo haiko kiburi. Katika hospitali kubwa wanaingiza mpira mwembamba wenye taa, wanatazama ngozi ya utumbo, na kukata kipande kidogo sana cha kupima. Si jambo la furaha, lakini linapita upesi, na ndilo linaloonyesha ukweli.

DAWA

Dawa za kumaliza kabisa ugonjwa huu kwa juma moja haziko. Lakini kuna dawa za kuulaza usingizi, na mgonjwa anatumika na kulea watoto wake kama wengine.

Wakati ugonjwa umeamka, munganga anaweza kutoa prednisoloni. Ni dawa ya nguvu inayotuliza askari wa mwili. Kwa sababu hiyo isinunuliwe ku farmasi bila kupimwa. Mwenye amibe akiimeza, utumbo wake unaweza kutoboka. Kuna na aina moja ya minyoo, ndogo sana, inayoweza kuenea mwili mzima mtu akimeza dawa hii. Ndiyo maana munganga anaweza kukupa kwanza ivermektini. Prednisoloni humezwa asubuhi, kiisha kula, na inapunguzwa pole pole kwa majuma. Usiiache kwa ghafula, utaanguka. Uso unaweza kuvimba. Yule mama wetu aliona uso wake unakuwa mviringo, wanawake wa soko wakacheka, akatupa vidonge. Kiisha siku chache tulimpokea amebebwa juu ya kitanda. Uso unarudi namna ulivyokuwa dawa ikiisha.

Kwa kuulinda usiamke, wenye rektokoliti wanapewa mara nyingi sulfasalazini. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Inamezwa kila siku, miezi na miaka, hata ukijisikia mzima. Inaweza kugeuza mkojo rangi ya machungwa, usiogope. Utapewa na asidi foliki. Kwa mwanaume, inaweza kupunguza nguvu ya mbegu ya uzazi wakati anaimeza, lakini nguvu hiyo inarudi akiiacha. Kwa ugonjwa wa Crohn haisaidii sana, na munganga atachagua dawa nyingine. Mara nyingine inafaa kupasua.

Kuomba ni vizuri, nasi tunaomba pamoja na wagonjwa wetu. Lakini tusiwaambie waache dawa ili kuonyesha imani.

Mambo haya yanaharibu: lavema ya majani na pilipili, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi wananunua sokoni kwa maumivu, vidonge vya kufunga kuhara wakati damu inatoka na tumbo limevimba, na tumbako, zaidi kwa mwenye ugonjwa wa Crohn.

CHAKULA

Chakula hakikuleta ugonjwa huu, na hakuna chakula kinachouponya. Mgonjwa anapoteza damu na nguvu, basi ale vizuri. Wakati tumbo linauma, mpe uji, wali, ndizi zilizopikwa, viazi, yai, samaki. Maharagi na mboga zenye nyuzi zinaweza kungoja kidogo. Tumbo likitulia, arudi kwa chakula cha jamaa: ugali, maharagi, lengalenga, sombe, ndagala. Asikatazwe vyakula kumi kwa sababu jirani amesema. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Akiwa na upungufu wa damu, munganga atampa dawa ya chuma.

Akihara sana anywe SRO. Ikikosekana, changanya katika litre 1 ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe chumvi.

MIMBA NA KUNYONYESHA

Mama mwenye ugonjwa huu anaweza kuzaa. Ni vizuri apate mimba wakati ugonjwa umelala, kwa maana ugonjwa ulioamka ni hatari kwa mtoto kuliko dawa nyingi. Asiache dawa mwenyewe akijiona ana mimba. Aje upesi kuuliza. Sulfasalazini pamoja na asidi foliki huendelea mara nyingi, lakini kuna dawa zingine zinazokatazwa kabisa, kama metotreksati. Kunyonyesha kunaendelea. Mtoto akihara ao choo chake kikiwa na damu, mlete.

KIMBIA KU HOSPITALI UKIONA

- damu katika choo mara 6 ao zaidi kwa siku moja;
- homa pamoja na moyo kupiga mbio;
- tumbo limevimba, gumu, linauma likiguswa;
- kutapika na kukosa choo na upepo;
- kizunguzungu, macho kuingia ndani, mkojo kidogo.

Usingoje asubuhi. Utumbo ukitoboka, saa moja ni kitu kikubwa.

Yule mama wa ndizi angali anakuja kila miezi 3 na fishi yake. Alipata mtoto wa ine, msichana, na soko hakuliacha. Siku moja alisimama mbele ya wanafunzi wangu akawaambia: « Mukiona mutu anarudia na damu, musimuandikie tu. Mumuulize. » Sijui kufundisha vizuri kuliko hivyo.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini tunasema damu katika choo ni alama, si jina la ugonjwa?
2. Mtoto wako anahara damu tangu asubuhi. Utafanya nini kwanza?
3. Jirani yako amepewa vidonge vya amibe mara 3, na damu inarudi. Utamshauri nini?
4. Kwa nini si vizuri kununua prednisoloni ku farmasi bila kupimwa?
5. Watu wakisema mgonjwa huyu ametiliwa sumu, utawajibu namna gani?