Kompyuta ya Kiganjani Huchaguliwa kwa Kazi Yake

Julai na Agosti 2004, wadadisi walizunguka vijiji vya mikoa ya Lindi na Mtwara wakiwa na kompyuta ndogo za kuenea kiganjani. Ulikuwa utafiti mkubwa wa afya katika wilaya tano za kusini mwa Tanzania, na kwa wiki 7 ulifikia kaya zipatazo 21,600 zenye watu zaidi ya 83,000. Kwa utaratibu wa zamani, kazi ya ukubwa huo ingeacha marundo ya madodoso ya karatasi. Marundo hayo yangesafirishwa hadi ofisini, kisha makarani wangeketi kuyaingiza kwenye kompyuta, mara nyingi kila jibu mara mbili, ili kosa la karani mmoja lifichuliwe na mwenzake. Safari hii majibu yaliingia kwenye kompyuta palepale nyumbani kwa mhojiwa, na uchambuzi wa awali ukawezekana ndani ya siku moja baada ya kazi ya uwandani kumalizika.

Manufaa hayo hayakutokana na kasi peke yake. Dodoso likiwa ndani ya kompyuta linaweza kubeba masharti yake lenyewe. Mama akisema hana mtoto wa chini ya miaka 5, maswali ya chanjo ya mtoto hayatokei kabisa. Mdadisi akiandika kwamba mtoto ana uzito wa kilo 95, kifaa kinakataa na kumtaka aangalie tena, wakati mtoto na mizani bado wako mbele yake. Karatasi haina uwezo huo. Hupokea lolote linaloandikwa, na kosa hugunduliwa miezi kadhaa baadaye, na kurudi kijijini kuuliza upya hakuwezekani tena.

Watafiti wale waliijua kazi yao kabla ya kukijua kifaa. Hapo ndipo uchaguzi wa chombo cha aina hii unapopaswa kuanzia, na hapo ndipo wanunuzi wengi tunapokosea, kwa kuwa dukani tunaonyeshwa kwanza kifaa kinaweza nini. Historia ya kompyuta za kiganjani, ambayo sasa ina miaka zaidi ya 40, imejaa mashine zilizoweza mengi zikashindwa, na nyingine zilizoweza machache zikapendwa.

Miongoni mwa za mwanzo kabisa ni Organiser, iliyotolewa mwaka 1984 na kampuni ya Psion ya London, ambayo mwanzilishi wake, David Potter, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Skrini yake ilikuwa na mstari mmoja tu wa herufi 16, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2. Taarifa za kudumu ziliwekwa kwenye kijaluba kidogo cha kuchomeka chenye chipu ya aina ya EPROM. Ndani ya chipu hiyo, kila taarifa ni elektroni zilizonaswa mahali zisipoweza kutoka zenyewe. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kuandika na vigumu kufuta. Ukiamuru jina la mteja liondolewe, kifaa kiliweka alama ya kulipuuza tu, na nafasi yake haikurudi. Kijaluba kikijaa, dawa ilikuwa kukitoa na kukiweka chini ya taa ya miale ya urujuanimno, ambayo huzipa elektroni zile nguvu ya kutoroka, na hapo kila kitu kilifutika kwa pamoja.

Kwa mtu ambaye miadi yake hubadilika kila siku, chombo hicho kilikuwa mzigo. Kwa mwenye orodha ya bei au namba za bidhaa zisizobadilika mara kwa mara, kilikuwa hazina. Ndiyo maana toleo lililofuata, Organiser II la mwaka 1986, lilipata kazi madukani na maghalani kuliko mifukoni mwa wakurugenzi.

Mwaka 1993 Apple ilileta Newton MessagePad kwa bei iliyokaribia dola 700. Kiteknolojia lilikuwa jambo kubwa. Prosesa yake ilikuwa ya ARM, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1990 kwa ubia wa Apple, Acorn na VLSI, na hadi leo usanifu wa ARM ndio unaoendesha karibu kila simu janja duniani. Ahadi kuu ya Newton ilikuwa kwamba utaandika kwa mwandiko wako wa kawaida nayo itakusoma. Iliyatazama maneno yako kwa ukamilifu wake na kuyalinganisha na kamusi iliyokuwa ndani, na pale isipokuwa na uhakika ilikisia. Makisio ya toleo la kwanza yalikuwa mabaya kiasi cha kuchekwa magazetini kwa vibonzo. Matoleo ya baadaye yalisoma vizuri zaidi, lakini sifa mbaya ilikuwa imekwisha kuenea, na Februari 1998 Apple ikaiacha. Kosa jingine lilionekana kwa macho tu: kifaa kile hakikuenea mfuko wa shati.

Jeff Hawkins, mhandisi wa kampuni changa ya Palm huko California, alikuwa na kidonda cha aina hiyohiyo. Zoomer, kifaa kilichotokana na ushirikiano wa Palm na makampuni makubwa kama Casio, kilitoka mwaka huohuo wa 1993 na hakikuuzika. Hawkins alipofikiria kifaa kijacho, hakuanza na saketi. Alichonga kipande cha mbao cha ukubwa wa kuingia mfuko wa shati, akachukua kijiti cha kulia chakula kuwa kalamu, akatembea navyo. Mtu akimuuliza kama ana nafasi Jumatano, alitoa mbao mfukoni na kuigusagusa kana kwamba anatazama ratiba. Mbao ile sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta la Mountain View, California. Naiheshimu kama jaribio halisi la kisayansi, kwani ilipima jambo ambalo hakuna maabara ingelipima: ni mara ngapi kwa siku mtu anakihitaji kifaa, na ana sekunde ngapi kabla ya aliyemuuliza kuchoka kusubiri. Hawkins aliona kwamba mshindani wake si kompyuta nyingine. Ni daftari la mfukoni, ambalo halihitaji kuwashwa.

Pilot 1000 ya Machi 1996 ilijengwa juu ya kipimo hicho. Iliuzwa kwa dola 299, ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, skrini isiyo na rangi ya nukta 160 kwa 160, na prosesa ya megahezi 16. Ukibonyeza kitufe cha kalenda, kalenda inatokea papo hapo. Betri mbili ndogo za kawaida ziliiendesha kwa wiki kadhaa, kwa sababu prosesa ilisinzia kila mkono ulipotulia, na skrini ilitumia mwanga wa mahali ulipo badala ya kutoa wake.

Kwenye mwandiko, Palm iligeuza ahadi ya Newton. Kikwazo kikubwa cha kompyuta inaposoma mwandiko si umbo la herufi tu, bali kujua herufi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Katika mfumo ulioitwa Graffiti, kila herufi iliandikwa kwa mkwaju mmoja, zote mahali pamoja, moja juu ya nyingine. Ukiinua kalamu, herufi imekwisha, na hakuna la kukisia. Herufi A ilipoteza kijiti chake cha katikati ili kalamu isihitaji kuinuliwa. Mtumiaji alijifunza kidogo, na mashine ikapunguziwa kazi kubwa. Kiswahili kingeandikika vizuri humo, kwa kuwa hakina alama juu ya herufi zake. Ni ng' pekee ambayo ingechelewesha mkono, maana alama za uandishi zilihitaji kuguswa nukta kwanza. Tatizo jingine lilitoka mahakamani: Xerox ilidai kwamba wazo la herufi za mkwaju mmoja lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake, na mwaka 2003 Palm ikahamia mfumo mwingine.

Mguso wenyewe ulisomwa kwa njia rahisi ambayo bado ina kazi. Juu ya skrini palikuwa na tabaka mbili nyembamba zinazopitisha umeme, zikiwa zimeachana kidogo sana. Kalamu ikikandamiza, zinagusana, na kiwango cha volti mahali hapo kinaonyesha umbali kutoka ukingoni, kwanza kwa upana, kisha kwa urefu. Skrini hiyo hukubali kalamu, ukucha, hata kidole kilichovaa glavu. Simu za leo husoma badiliko la chaji linaloletwa na ngozi, kwa hiyo hazihitaji kukandamizwa, lakini glavu ya kawaida au tone la mvua huweza kuzivuruga. Muuguzi, mvuvi na fundi wana sababu ya kuulizia jambo hili kabla ya kulipa.

Upande wa kumbukumbu, kifaa kilichopendwa kilikuwa na hatari yake. Data za mtumiaji wa Palm zilikaa kwenye RAM, ambayo hukumbuka mradi umeme upo. Wakati wa kubadilisha betri, kapasita ndogo ilishikilia umeme kwa muda mfupi sana, na betri zilizosahaulika ndani ya droo mpaka zikafa zilikufa na anwani zote. Kinga ilikuwa kitako cha kuunganisha na kompyuta ya mezani: bonyeza kitufe kimoja, na nakala ya kila kitu inafanyika pande zote mbili. Kwa maoni yangu kitufe hicho kiliiuza Palm kuliko kalamu yake. Watu walikuwa wamechoka kuingiza namba za simu upya kila wanapobadili chombo.

Walioandika kwa wingi walielekea kwingine, na walikuwa na haki. Psion Series 5 ya mwaka 1997 ilifunguka kama kijisanduku, na kibodi yake ikateleza mbele ili skrini isipinduke nyuma. Mwandishi wa habari aliweza kuandika makala nzima safarini kwa betri mbili za kawaida. Mhasibu naye alikuwa na HP 200LX ya mwaka 1994, iliyokuja na programu ya majedwali ya Lotus 1-2-3 ndani yake. Kisha, mwaka 2000, iPAQ ya Compaq ilileta skrini ya rangi na prosesa ya megahezi 206. Ilivutia macho, lakini taa ya skrini hula umeme bila kukoma, na chaji iliyokuwa ikihesabiwa kwa wiki ikaanza kuhesabiwa kwa saa.

Mambo hayo yote yamemezwa na simu. Programu endeshi ya Psion ilizaa Symbian mwaka 1998, kwa ushirikiano na Nokia, Ericsson na Motorola, na Symbian ikaendesha simu nyingi za Nokia zilizofika Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo anunue nini kwa ajili ya ratiba, anwani na orodha za kazi, jibu langu ni kwamba simu aliyo nayo inatosha, na fedha zake azitunze.

Wapo ambao simu haiwatoshi. Mwanafunzi au mtafiti anayesoma na kuandika kwa kalamu saa nyingi anaweza kufaidika na bamba la wino wa kielektroniki. Ndani yake mna chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji zinazovutwa juu au chini, na zikishafika mahali pake hukaa bila kutumia umeme hadi ukurasa ubadilike. Chini ya jua kali, simu inapofifia, ukurasa huo ndipo unaposomeka vizuri zaidi. Lakini hubadilika polepole, kwa hiyo haufai video wala ramani inayotembea.

Wapo pia wanaokusanya taarifa za watu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya Agosti 2022 zilifanywa kwa vishikwambi, na vile vya Tanzania baadaye viligawiwa kwa walimu. Kazi ya namna hiyo inahitaji chombo kinachohifadhi majibu mahali pasipo na mtandao na kuyatuma kinapoupata. Inahitaji pia chaji ya kutwa nzima, na skrini inayosomeka juani. Juu ya yote data zifungwe kwa nywila na usimbaji, kwa sababu kikiibwa kifaa chenye majina na magonjwa ya wagonjwa, anayedhurika ni mgonjwa, na yeye hakushiriki kukichagua. Anayenunua kwa ajili ya zahanati aliulize hili kwanza kabla ya bei.

Kisha kuna swali ambalo wauzaji hawaulizwi: taarifa zangu zitatokaje humu? Newton ilikufa mwaka 1998, Psion ikaacha soko la kompyuta za kiganjani mwaka 2001, na Palm ikanunuliwa na HP mwaka 2010 na kutoweka muda mfupi baadaye. Vifaa vilivyotumia muundo wa mtengenezaji wake pekee viliacha kumbukumbu ambazo leo zinahitaji mtaalamu wa kuzifungua. Muundo wa vCard kwa anwani, uliobuniwa katikati ya miaka ya 1990, na iCalendar kwa miadi, uliofuata mwaka 1998, ni maandishi ya kawaida ambayo chombo chochote kinaweza kuyasoma. Anwani iliyohifadhiwa kwa vCard enzi za Palm inafunguka kwenye simu iliyotoka kiwandani mwaka huu. Jaribu ukiwa bado dukani: andika jina moja na miadi moja, uvitoe kama faili, uvitume kwenye simu nyingine. Vikifika na kusomeka, endelea kuzungumzia bei.