Milimita Mbili za Kwanza

Mhakiki wa kibodi ndogo ya gemu isiyo na waya aghalabu huanza na swali lililokwisha kuchapwa kwenye boksi: je, kweli inafikisha ujumbe ndani ya milisekunde 1? Swali lina asili yake. Kompyuta huiuliza kibodi ya namna hii mara 1000 kwa sekunde kama kuna kitufe kilichobonyezwa, ilhali kibodi nyingi za ofisini huulizwa mara 125, yaani kila baada ya milisekunde 8. Ila milisekunde hiyo moja ni kipande cha mwisho tu cha njia ndefu. Kabla yake kidole kimeshasukuma springi, kontakti za metali zimegusana na kudundadunda, na programu iliyo ndani ya kibodi imesubiri kudunda kutulie ili mbonyezo mmoja usihesabiwe mara mbili. Cherry, watengenezaji wa swichi wa Ujerumani, wamekuwa wakikadiria kudunda huko kuwa chini ya milisekunde 5. Ninachodai hapa ni kwamba waya, au kukosekana kwake, ndiyo hoja nyepesi kuliko zote katika kukipima chombo hiki. Uzito uko kwenye swichi iliyo chini ya kidole na kwenye nafasi inayobaki mezani.

Chukua Razer BlackWidow V3 Mini HyperSpeed ya mwaka 2021, mfano mzuri kwa kuwa kibodi moja inabeba masuala yote. Inaunganishwa kwa njia tatu: redio ya masafa ya GHz 2.4 kupitia risiva ndogo ya USB, Bluetooth, na kebo ya USB-C. Iliuzwa ikiwa na swichi za kijani au za njano. Ya kijani hulia na hushika kitufe kikishuka milimita 1.9, ya njano hushuka bila mlio na hushika kwenye milimita 1.2. Tuseme kidole kinashuka kwa kasi ya sentimita 20 kwa sekunde. Tofauti ya milimita 0.7 inakuwa milisekunde 3.5, na kidole kikienda taratibu inaongezeka. Maana yake ni kwamba anayesimama dukani akichagua rangi ya swichi anaamua jambo kubwa mara kadhaa kuliko lile analolihofia kwenye redio, na analiamua kwa kusikiliza mlio.

Vipimo vya watu wengine vinaelekea upande huohuo. Mwaka 2017 mtaalamu wa programu Dan Luu alipima kibodi kadhaa tangu kitufe kinapoanza kusogea hadi ujumbe unapotokea kwenye USB, akapata muda wa kuanzia milisekunde 15 hadi 60 hivi. Iliyotangulia ilikuwa ya Apple, nyembamba, ya mezani, ambayo hakuna anayeiuza kama silaha ya gemu. Wapo wanaolalamika kwamba kuhesabu mwendo wa kitufe ni kuionea swichi ndefu. Mimi naona ndiyo haki yenyewe, kwa sababu mchezaji akishaamua kuruka, kidole chake hakina njia ya kuukwepa mwendo huo.

Hapo hutokea pingamizi zito zaidi: binadamu huchukua kama milisekunde 200 kuitikia anachokiona, na skrini ya Hz 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7, kwa hiyo nani atahisi milisekunde tatu? Pengine hakuna. Lakini anayeikubali hoja hii ameifuta pia hofu ya redio, ambayo ni ya milisekunde moja. Na anayeikataa, akisema kwamba wawili walioitikia sawasawa hutenganishwa na kidogo sana, analazimika kuihangaikia swichi kabla ya waya. Bluetooth ndiyo ya kutengwa. Bluetooth ya nishati ndogo ya kizazi cha kibodi hii haiwezi kukutanisha kifaa na kompyuta zaidi ya mara moja kila milisekunde 7.5, na mara nyingi huwa ni zaidi. Inafaa kuandikia barua.

Lililo gumu kweli ni uthabiti wa redio. Mtetezi wa waya akisema kwamba wastani si kitu na kinachouma ni ule ujumbe mmoja uliopotea katikati ya pambano, ana haki. Masafa ya GHz 2.4 yamejaa Wi-Fi, vifaa vya Bluetooth na oveni za maikrowevu, na mwaka 2012 Intel walieleza jinsi vifaa vya USB 3.0 vinavyotoa kelele ya redio kwenye eneo hilohilo. Risiva iliyochomekwa nyuma ya kompyuta, ubavuni mwa diski ya nje, iko mahali pabaya. Kwa hiyo mhakiki aijaribu hapo pia, kisha aisogeze karibu na kibodi kwa kebo ya kurefushia, na aandike matokeo yote mawili. Aiache kibodi ilale, halafu aone mbonyezo wa kwanza unafika vipi inapoamka.

Sasa meza. Kitufe kimoja na nafasi yake huchukua milimita 19.05. Kibodi kamili ina upana wa vitufe 22.5, na hii ya Razer ina 16, hivyo zinaokolewa karibu sentimita 12.4, tena upande wa mausi. Katika Counter-Strike, mchezaji mwenye mausi ya DPI 800 na kipimo cha wepesi cha 1.0 husogeza mkono sentimita 52 ili kugeuka mzunguko mzima, kwa hiyo zile 12.4 ni digrii 86, karibu robo ya mzunguko. Faida hii haihitaji kifaa cha maabara, na kuondoka kwa waya kunaikamilisha, maana kibodi inaweza kukaa mshazari bila kebo kuisukuma.

Bei yake ni vitufe vilivyoondolewa. Safu ya F1 hadi F12 imehamia chini ya Fn, na vishale vimebaki. Mwandishi wa Kiswahili hapotezi kitu, kwa kuwa ritifaa ya ng'ombe iko palepale. Anayepoteza ni rubani wa gemu za ndege, anayetumia karibu kila kitufe, na hata mchezaji wa Counter-Strike, ambaye konsoli yake hufunguliwa kwa kitufe cha alama ya wimbi, ambacho hapa kimempisha Esc. Uhakiki usiotaja gemu gani imechezwa unamwacha msomaji huyu anunue kwa kubahatisha.